Nyuzi Mia na Arobaini

Tik. Kisha kimya cha urefu wa pumzi moja. Tik.

Kwa miezi minane nilimjua yule ndovu kwa mlio huo tu. Ulinijia kwenye visikizi vilivyonibana masikio, juu ya kilima cha mawe kaskazini ya mlima Kasigau, kabla jua halijachomoza, na kwa miezi hiyo yote sikuwahi kuona hata mkia wake. Alikuwa jike mzima. Shingoni alifungwa mkanda mpana wenye kisanduku, na kisanduku hicho kilitoa sauti ambayo mtu mwenye chombo chake angeweza kuinasa kutoka mbali sana. Chombo nilikuwa nacho mimi. Nilishika antena iliyofanana na mfupa wa samaki, nikaizungusha taratibu, na pale mlio ulipokuwa mkali kuliko kwingine, ndiko alikokuwa. Nikatazama dira, nikaandika nyuzi kwenye kitabu, nikaandika saa, nikaandika kama mlio ni mkubwa au hafifu. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Ukame mkubwa ulikuwa umepita na kuacha mifupa ya ndovu kila palipokauka tope, na nyuma ya ukame zikaja bunduki. Wenye vyeo walitaka kujua ndovu waliosalia wanakwenda wapi, wanavuka reli mahali gani, wanatoka mbugani mwezi gani na kushukia mashamba ya nani. Ofisini hakuna aliyejua. Vijijini walijua, ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mwenye utafiti alikuwa mwanamke Mzungu, kijana bado, aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu na kukisema kama anayetembea kwa viatu vipya. Tulimwita Daktari, ingawa hakuwa akimtibu mtu. Alikodi vyumba viwili Voi, nyuma ya stesheni, na kwenye ukuta wa chumba cha mbele akatundika ramani iliyojaa vitone vya rangi. Mgeni alipobisha, ramani ilishushwa na kufungiwa kabatini. Ramani inayomwonyesha mtafiti alipo ndovu humwonyesha pia mwenye bunduki.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo Nairobi kwa mwaka mmoja ili niandike riwaya. Rafiki zangu wa huko, watu wa kukesha wakibishana juu ya sentensi, waliona nimefanya ushujaa. Mama aliona nimepotea. Daktari alinichukua kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na kwa sababu nililelewa Rukanga, chini ya mlima uleule, nyumbani kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Kilima nilikijua tangu utoto.

Mtu wa tatu alikuwa mzee wa nyika, mfuata nyayo, aliyewahi kufungwa kwa kuwinda kwa upinde na sasa akalipwa kwa ujuzi uleule uliomfunga. Yeye alikaa na chombo cha pili kwenye mwinuko wa magharibi, karibu na njia ya kwenda Taveta. Hakujua kusoma, lakini tarakimu alifundishwa gerezani, akaziandika kubwa na wima kama miti.

Tulihitajika wawili kwa sababu mtu mmoja peke yake hupata mstari tu. Mlio unakwambia ndovu yuko upande fulani, haukwambii yuko umbali gani. Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja kwenye kilima chake, tulisikiliza kwa dakika ileile. Jumamosi tulipeleka vitabu Voi, Daktari akachora mstari wangu na mstari wa mzee, na pale ilipokatana akaweka kitone. Kitone kimoja, asubuhi moja ya ndovu.

Jumamosi hizo nilikuwa na tabia ya kumchokoza.

"Daktari, ukiondoka ramani hizi zitakwenda wapi?"

"Nakala zitabaki hapa."

"Nakala. Kwa hiyo zenyewe zinakwenda kwenu. Na ndovu ni wa nani?"

"Ndovu ni wao wenyewe," alisema bila kuinua uso. "Ramani itakuwa ya mtu atakayeweza kuiendeleza. Wewe utaweza?"

"Kwa nini nisiweze?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ataweza kuwaandikia ndovu barua. Mpendwa ndovu, natumaini hujambo."

Nilicheka nao, lakini neno langu nililiamini. Nilikuwa nimeandika makala mbili kwenye jarida letu la chuo, kwamba elimu ya nchi hii lazima ishikwe na mikono ya watu wa nchi hii. Ninaliamini hata sasa. Ndiyo maana ninaandika habari hii.

Jumanne moja ya msimu wa mahindi kukomaa niliamka mapema kuliko kawaida, nikawasha taa hemani mwangu, chini ya kilima, ili niandike ukurasa mmoja kabla ya kupanda kilimani. Sura ya tisa ilikuwa imenikwamia kwa wiki mbili. Asubuhi hiyo ikafunguka. Maneno yalikuja kwa kasi ambayo mkono haukuiweza, nikaandika ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano, na nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshapasha turubai. Saa ilisema saa mbili kasoro robo.

Nilikimbia mpaka juu. Nikavaa visikizi, nikazungusha antena pande zote. Hakuna kitu. Alikuwa ameshaingia nyuma ya jabali fulani, au kwenye korongo, ambako mlio haufiki.

Nikakaa juu ya jiwe na kitabu magotini. Nafasi ya Jumanne ilikuwa tupu, na utupu ule ulionekana mkubwa kuliko ukurasa. Jana yake nilikuwa nimeandika nyuzi mia na thelathini na tano, upande wa nyika ya Makwasinyi. Ndovu hawezi kuwa amekwenda mbali sana, nikajiambia. Nikaandika: saa 12.00, nyuzi 140, mlio hafifu. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nne kabla, siku za homa au za uvivu, na vitone vilivyotokea vilikaa kwenye ramani pamoja na vingine bila kulalamika. Nilijiambia kwamba ni kama kushona tundu dogo kwenye shuka. Mtunga hadithi huona tundu kati ya jana na kesho, akajua cha kuweka. Lakini ndovu hatembei kwa wastani.

Ijumaa ya wiki iliyofuata kukaitishwa baraza Rukanga, mbele ya madarasa ya shule. Bwana D.O., mkuu wa tarafa, alishuka kutoka Wundanyi na faili mbili. Alikuwa kijana wa bara, mwenye haraka, na jambo alilokuja kuamua lilikuwa moja. Askari wa wanyama waliokuwepo walitosha kambi moja tu kwa msimu wote wa mavuno. Kwa muda walikuwa Rukanga. Je, wabaki hapo, au wahamie upande wa Makwasinyi? Watakapokuwa, ndovu watafukuzwa kwa baruti. Wasipokuwepo, mkulima atabaki na debe lake la kupiga na koo lake.

Mjomba alisimama wa tatu. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, asiyeonja pombe, mwenye koti moja la heshima alilolivaa hata kwenye joto lile. Ndiye aliyenishika mkono siku yangu ya kwanza ya shule, kwenye uwanja uleule.

"Bwana D.O., Jumanne ya wiki iliyopita, kabla jua halijatoka, ndovu walikuwa kwenye mahindi yangu. Mmoja alikuwa amevaa mkanda shingoni. Niliuona kama ninavyouona ule mlango wa darasa."

"Labda ni ng'ombe wa jirani amevaa tai," mtu akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Mjomba akangoja kicheko kiishe. "Ng'ombe haning'inizi mkonga."

Nilikuwa nimesimama kando ya Land Rover ya Daktari. Jumanne.

D.O. akamgeukia Daktari. "Ninyi mnamfuata ndovu wa mkanda kila siku, sivyo? Ni mmoja tu upande huu?"

"Ni mmoja tu." Daktari akafungua ramani juu ya boneti, akatafuta kwa kidole. Alikuwa mtu wa haki. Hakusema zaidi wala pungufu ya alichokiona. "Jumanne hiyo, saa kumi na mbili, alikuwa hapa. Nyikani, upande wa Makwasinyi. Kutoka hapo hadi shamba hili ni mwendo wa nusu siku."

"Saa ngapi uliona ndovu wako, mzee?"

"Saa kumi na mbili. Kengele ya shule ya misheni bado haijalia."

"Basi ndovu mmoja amekuwa mahali pawili." D.O. akafunga faili ya kwanza. "Mzee, asubuhi hiyo ulikuwa umeonja nini?"

Safari hii walicheka sana, kwa sababu kila mtu alijua mjomba haonji kitu. Hicho ndicho kilichofanya mzaha uwe mtamu. Mjomba hakucheka, wala hakukasirika. Alinyoosha mkono kunielekea.

"Anayeandika kitabu hicho ni mtoto wa dada yangu. Nimemlea mimi. Yule pale. Mwulizeni yeye."

Nyuso zote zikageuka. Wa mjomba ulikuwa na utulivu wa mtu aliyeweka mzigo mahali salama. Ningeweza kusema maneno matano tu na kumaliza jambo. Nilimwona Daktari akinitazama, nikamwona mzee wa nyayo akitazama viatu vyangu, nikawaza chuo, nikawaza makala zangu mbili, nikawaza kicheko kitakavyogeuka na kunijia mimi.

"Kitabu ndivyo kinavyosema," nikasema.

Sentensi ile haikuwa na uongo ndani yake. Niliichagua kama ninavyochagua sentensi nyingine. Mjomba aliendelea kunitazama kidogo, kama anayesubiri iendelee. Ilipokosa kuendelea alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaiangalia ndani.

D.O. aliamua kwamba Jumatatu askari watahamia upande wa Makwasinyi.

Watu walipotawanyika, mzee wa nyayo alinigusa bega. "Njoo tukatembee, mwandishi."

Alinipeleka shambani kwa mjomba, njia ya nyuma, bila kumwita mwenyewe. Mvua haikuwa imenyesha. Kwenye kona ya chini, ambako maji ya mfereji hutuama, udongo ulikuwa umeshika nyayo na kukauka nazo. Mzee alichuchumaa, akapuliza vumbi.

"Wayo wa ndovu una mistari kama kiganja chako. Huu ni wa nyuma, wa kulia. Unaona ufa huu unaokata toka ukingoni mpaka katikati? Nimeufuata ufa huu tangu siku alipofungwa mkanda. Ni nani?"

Nilifuata ufa ule kwa kidole.

"Jumanne niliandika mlio mkubwa," akaendelea. "Mkubwa hata nikavua kisikizi cha sikio moja. Jumamosi nikaona kitone kimewekwa mbali kule. Mlio mkubwa hautoki mbali."

"Labda mlio uligonga mlima ukarudi."

Jambo hilo hutokea kweli. Jabali la Kasigau hurudisha sauti, na mara kadhaa lilitudanganya sote wawili.

"Labda," mzee akasema. "Lakini mlima haujui kushika kalamu."

Alisimama akijishika magoti. Nikamwuliza kama atamwambia Daktari.

"Nimwambie nini? Mimi ni mfungwa wa upinde, wewe ni msomi. Kwenye ile meza neno langu lina uzito gani? Mstari wangu ulikuwa wa kweli. Ulipita hapahapa shambani. Ukaja wa kwako, ukauvuta mpaka nyikani." Akapiga mikono kuondoa udongo. "Nasubiri wewe. Ila mahindi ya mjomba wako hayatasubiri."

Jumamosi nilipeleka kitabu Voi, nimeshajiandalia maneno njia nzima. Daktari alikuwa na furaha. Mistari ya wiki ilikuwa imekatana vizuri. Alinimiminia chai. Nilikunywa, nikazungumza juu ya betri, nikarudi kilimani. Jumapili nilibaki hemani na sikuandika hata neno moja la riwaya. Jumatatu, kwa darubini, niliona vumbi la lori la askari likitambaa kando ya mlima kuelekea mashariki.

Jumatano alfajiri nilikuwa juu ya kilima nusu saa kabla ya wakati. Nikavaa visikizi, nikaanzia mashariki, mahali nilipotamani awe. Kimya. Nikazungusha antena kidogo kidogo kuelekea kusini, nikapita mia na arobaini, nikapita mia na sitini, nikapunguza mwendo wa mkono, kwa sababu nilijua Rukanga iko kwenye nyuzi ngapi kutoka pale. Sote tuliokulia kule tungeweza kuinyooshea kidole gizani.

Mia na tisini. Tik. Tik. Tik.

Ulikuwa mkubwa, safi, bila mkwaruzo. Hakukuwa na shaka wala mwangwi. Alikuwa shambani. Labda kwa mjomba, labda kwa jirani, na nyuma yake kundi lote. Niligundua kwamba mlio una jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani: mnyama akigeuza shingo, sauti hufifia kidogo, akiirudisha hupanda. Tik hafifu, tik kubwa. Alikuwa akiinama na kuinuka. Nilikuwa nikimsikiliza akila.

Sikusikia debe la mjomba. Sikumsikia akipiga kelele. Umbali ule hausafirishi kelele za mtu. Nilikaa na vile visikizi masikioni mpaka mlio ulipoanza kusogea, polepole, kama wa aliyeshiba, na saa kumi na mbili kamili niliandika nyuzi mia na tisini, mlio mkubwa. Ndiyo asubuhi pekee ambayo naweza kuiapia.

Kisha nikashuka, nikatembea mpaka barabara ya murramu, nikapanda lori la mkonge hadi Voi.

Daktari alikuwa akisafisha vikombe. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mkoba ungali begani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kitambaa kwa uangalifu, kidole kwa kidole.

"Ni mara ngapi?"

"Tano, pamoja na hiyo."

"Siku zipi?"

"Hiyo Jumanne. Na moja ya mwezi wa pili, nilipokuwa na homa."

"Na tatu zilizobaki?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilizifanya kwa wepesi mno hata hazikuacha alama.

"Hujui," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Kiswahili chake siku hiyo hakikujikwaa. "Kwa hiyo na mimi sijui. Nina kurasa za miezi minane, tano ni za uongo, na zote zina mwandiko mmoja mzuri."

Alichukua kitabu changu na penseli nyekundu. Nilidhani atatafuta Jumanne. Alianza ukurasa wa kwanza. Alivuta mstari kutoka kona mpaka kona, akafunua, akavuta mwingine. Hakuharakisha. Vilibaki vitabu vya mzee, mistari yake ya kweli, kila mmoja ukipita nchi nzima bila kukutana na mwenzake. Kutokana na ukurasa wa mtu mmoja huwezi kuweka kitone hata kimoja.

Alipomaliza alikaa. "Nilikuwa nimeandika barua kwa wizara. Nilisema yuko kijana wa hapa, apelekwe kusoma, aje aishike kazi hii nikiondoka. Si msaidizi. Mwenye kazi." Alitazama dirisha. "Uliniuliza ndovu ni wa nani. Nililichukua swali lako kwa uzito sana."

Kwa miezi minane nilimlaumu kwamba elimu ile haiko mikononi mwetu. Ilikuwa mikononi mwangu kila alfajiri, saa kumi na mbili.

Siku hizi nikikutana na wasomi wa mambo hayo huniambia kwamba wakati unakuja ambapo vyombo vya angani vitasikiliza mikanda mchana na usiku, na hakuna mtu atakayepanda kilima. Huenda. Nchi ina wanyama wengi ambao nyendo zao bado hazijulikani, na ningependa wajulikane. Lakini chombo kitasema alipo ndovu, na bado atahitajika mtu wa kusimama barazani na kuulizwa.

Nilidhani Daktari atanifukuza jioni ileile. Badala yake alizungusha simu mpaka akampata D.O., akamwambia waziwazi kwamba ramani aliyoionyesha Rukanga ilikuwa na kosa, kwamba mkulima yule alisema kweli, na kwamba askari warudishwe. Alisema "kosa letu." Kisha akaweka simu chini.

"Mjomba wako utamwambia wewe. Hapa, mbele ya ramani. Mzee atamleta Ijumaa."

Ijumaa mjomba aliingia amevaa lile koti, vumbi la safari mabegani. Alimsalimia Daktari, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, mikono juu ya magoti. Aliponiona alisema, "Mama yako hajambo?" nikasema hajambo. Mzee wa nyayo alibaki amesimama karibu na kabati.

Nikasema. Sikupamba. Nilisema niliamka nikaandika mambo yangu, nikachelewa, nikabuni nyuzi, na kwamba siku ya baraza nilikuwa najua.

Treni ya mizigo ilipita nyuma ya nyumba, behewa baada ya behewa, na hakuna aliyejaribu kusema mpaka ilipokwisha.

Kwetu milimani, mtu mwenye hasira moyoni haachwi aondoke nayo. Hasira ya ndugu ikikaa ndani humdhuru aliyekosa, hata mwenyewe asipotaka. Kwa hiyo huchukua funda la maji, akayapuliza nje kama umande huku akitamka heri, na hasira hutoka na maji. Huitwa kutasa. Wazee wa kanisa hawakuwa wakilitaja sana neno hilo, lakini sijawahi kuona nyumba isiyokuwa na kikombe kwa ajili ya siku kama hiyo. Mzee wa nyayo hakuwa Mtaita, ila alikuwa ameishi nasi vya kutosha. Alimimina maji kwenye kikombe cha bati, akakiweka mezani mbele ya mjomba, akarudi karibu na kabati.

Mjomba alikitazama.

"Ndovu alikula mahindi," akasema. "Simlaumu, alikuwa na njaa. Kulala, kuchelewa, hata mimi nimewahi kusinzia juu ya dungu la kulindia, ndovu wakala shamba chini yangu." Sasa alinitazama. "Lakini mimi nilikuita. Mbele ya watu. Nilikuita kwa jina la dada yangu. Ukasimama tu."

"Ndiyo, mjomba."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniona nikikaa chini."

"Nilikuona."

Akainua kikombe. Alijaza funda, mashavu yakatuna, na mimi nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa na mama, nikafumba macho, nikangoja umande usoni. Nilingoja. Nikasikia koo lake likimeza.

Nilipofumbua macho kikombe kilikuwa kimerudishwa mezani, kimya, pale pale kilipokuwa.

"Maji ya Voi yana chumvi," mjomba akasema.

Akasimama, akaenda mbele ya ramani. Alimwomba mzee amwonyeshe Rukanga, na mzee akaweka kucha. Mjomba akainama karibu, akafuata kwa kidole mahali penye mlima, penye mfereji, akatua.

"Jumanne ile alikuwa hapa. Andikeni."

Daktari akachukua kalamu. "Niandike ameonwa na nani?"

"Na mwenye shamba."

Aliandika. Mjomba alisubiri mpaka wino ukauke, akaupitishia macho ingawa ulikuwa wa Kiingereza, kisha akachukua kofia yake. Nilisimama nimsindikize mpaka kwenye lori, kama mpwa anavyopaswa. Akanyoosha kiganja.

"Kaa," akasema. "Njia naijua."

Akatoka. Akavuta mlango nyuma yake taratibu, kama watu wanavyofunga mlango wa kanisa ibada ikiendelea, mpaka kitasa kikaingia mahali pake.